Soda au Potashi? Maoni Yangu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema machache juu ya jambo lililotugawa sisi wanachama wa Chama cha Sayansi muhula huu. Wanafunzi waliopita karibu na maabara Jumamosi ile wakasikia makelele walidhani kwamba twagombea uongozi. La, hatukuwa tukigombea uongozi. Tulikuwa tukibishana juu ya chembechembe nyeupe zinazouzwa kwa kilo dukani. Walio wengi walipiga kura kwamba muhula ujao tununue soda kostiki. Mimi nilitaka potashi kostiki, nikashindwa, na nakubali kwamba nimeshindwa kwa haki. Walakini fedha za chama hazijatolewa bado, na kwa kuwa sehemu ya fedha hizo ni michango ya wazazi wetu, nadhani si vibaya wazazi nao wajue twabishania nini.

Kwa wasiojua, shule yetu inayo injini ndogo ya dizeli ipandishayo maji kutoka mtoni hadi kwenye tangi la mabweni. Injini ikikosa mafuta, sisi hushika ndoo. Tangu mwaka jana chama chetu kimekuwa kikitengeneza dizeli kwa mafuta machakavu ya kukaangia, ambayo twayakusanya jikoni na kwa wauza chipsi wa sokoni. Kila tukipika hupika lita 20. Dizeli hiyo twaichanganya na ile ya kituo cha mafuta, nayo injini haijalalamika, ila mpira mmoja wa zamani wa kupitishia mafuta ulilainika ikatubidi tuubadilishe.

Sasa nieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hivyo ugomvi wetu hautaeleweka. Mafuta ya kupikia, yawe ya alizeti, ya mawese au ya karanga, yamejengwa kwa namna moja. Kila molekuli ina gliserini moja iliyoshikamana na minyororo mitatu mirefu ya asidi za mafuta. Molekuli hiyo ni kubwa, ndiyo sababu mafuta hayo ni mazito, na ukiyatia vivi hivi katika injini ya siku hizi, baada ya muda huacha masizi yanayoziba matundu ya kunyunyizia. Dawa yake ni kuitenga ile minyororo na gliserini, kisha kila mmoja kuushikanisha na methanoli. Hapo molekuli moja kubwa hugeuka kuwa tatu ndogo nyepesi, nazo ndizo dizeli yetu. Gliserini, kwa kuwa ni nzito, huzama chini ya pipa.

Lakini mafuta na methanoli ukiviweka pamoja tu, hata ukikoroga mchana kutwa, hakuna la maana litakalotokea. Yahitaji kitu cha tatu cha kuvihimiza, nacho ndicho kichocheo. Jina la jambo hili lilitolewa na Berzelius, mtaalamu wa Uswidi, mwaka 1835, na kila mwanafunzi wa Kemia amekwisha kukariri maana yake: kitu kiharakishacho badiliko la kikemia bila chenyewe kuliwa. Nayaomba maneno hayo ya mwisho yakumbukwe, maana nitayarudia.

Wala kazi hii si ya jana. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga matupu. Tarehe 31 Agosti, 1937, Bwana Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza kwa njia yake ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini, na mwaka 1938 basi la abiria likaendeshwa kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta ya mawese yaliyogeuzwa hivyo. Msomaji asishangae kwa nini Wabelgiji walifikiria mawese, maana wakati huo walikuwa wakiitawala Kongo, nchi ya michikichi. Kinachonihusu mimi katika habari hii ni kichocheo chake. Chavanne alitumia asidi. Asidi hufanya kazi, lakini polepole sana. Siku hizi watu wengi hutumia alikali, ambayo kwa joto la nyuzi 55 za Selsiasi humaliza kazi kwa muda wa saa moja au mbili. Basi ugomvi wetu si kati ya asidi na alikali. Ni kati ya alikali mbili zilizo ndugu, soda na potashi.

Wenzangu wanaotaka soda wanazo hoja, nami sitazificha. Kwanza, soda kostiki hupatikana kirahisi, kwa kuwa watengeneza sabuni huinunua kila siku. (Bibi yangu nilipomwambia kwamba twatia soda katika mafuta aliniuliza kama ni ya machungwa au ya kola. Hasha, si hiyo.) Pili, bei yake ni nafuu kuliko ya potashi. Tatu, ina nguvu zaidi kwa uzito: kazi ifanywayo na gramu 1 ya soda yahitaji gramu 1.4 za potashi. Tena soda ya dukani huwa karibu safi kabisa, ilhali potashi huja na unyevu wake, na kopo letu limeandikwa asilimia 90. Yote hayo ni kweli. Mwenye kusimama mbele ya duka na mkoba mkononi atachagua soda, na hapana atakayemlaumu.

Lakini mimi sitaki tuhesabu mbele ya duka. Nataka tuhesabu mbele ya pipa.

Mafuta machakavu hupimwa kwanza ili kujua yana asidi kiasi gani iliyojitenga. Twachukua mililita 1 ya mafuta, twaiyeyusha katika mililita 10 za isopropanoli, twatia matone mawili ya fenofthalini, kisha kwa bureti twadondosha maji yaliyotiwa gramu 1 ya soda kwa lita moja, mpaka rangi ya waridi itokee na kukaa. Mafuta yetu ya mara ya mwisho yalikula mililita 2. Maana yake ni kwamba kila lita ya mafuta yataka gramu 3.5 za kawaida na gramu 2 za ziada, yaani gramu 5.5. Kwa lita 20 ni gramu 110 za soda. Kwa potashi, zidisha kwa 1.4, kisha ukumbuke ile asilimia 90, utapata gramu 171 hivi. Haya, tazama! Gramu 110 ama gramu 171, zote mbili zaingia katika kikombe cha chai. Lakini kwa lita hizo hizo 20 twahitaji lita 4 za methanoli, nayo methanoli ndiyo ilayo fedha za chama. Hata kama kilo ya potashi ingeuzwa mara tatu ya kilo ya soda, tofauti hiyo ni ndogo kwa pipa moja. Pipa moja likiharibika, lita 4 za methanoli zimekwenda na maji.

Nalo pipa liliharibika. Wanachama wa mwaka jana hawajasahau. Ilikuwa mwezi wa Julai, na kila akaaye huku nyanda za juu ajua Julai yetu, maji ya bomba asubuhi hukata mikono. Tulipika jioni kwa soda, tukaacha pipa litulie usiku kucha gliserini izame. Gliserini ilizama vizuri. Asubuhi tulipofungua koki ya chini ili tuitoe, halikutoka hata tone. Gliserini ya soda, joto likishuka chini ya nyuzi 38 hivi, huganda. Ilikuwa imeganda kama samli ya asubuhi, ikaziba koki yote. Mmoja wetu alishauri tulimwagie pipa maji ya moto kwa nje. Tulifanya hivyo, kisha tukachokoa kwa ufito. Gliserini iliyeyuka nusu ikachanganyika tena na dizeli. Tulipoiosha dizeli kwa maji, ikawa nyeupe kama mtindi, na siku ya tatu bado ilikuwa mtindi. Wiki hiyo tulibeba ndoo.

Yanipasa niseme kweli, soda haikuwa na hatia peke yake. Mafuta yale hatukuyakausha vizuri. Maji yakiwamo katika mafuta, alikali yoyote hutengeneza sabuni badala ya dizeli, na potashi nayo ingetengeneza sabuni. Lakini gliserini ya potashi haigandi kwa baridi ya kwetu. Hubaki majimaji meusi, na koki ikifunguliwa hutoka. Kosa letu lingetugharimu lita chache, si pipa zima. Kichocheo cha kuchaguliwa na wanafunzi, kwa maoni yangu, ni kile kinachosamehe.

Hapa ndipo nirudipo kwenye maneno ya kitabu, kwamba kichocheo hakiliwi. Katika kitabu hakiliwi. Katika pipa la mafuta ya chipsi huliwa, na kile kipimo cha bureti ndicho kituonyeshacho kitaliwa kiasi gani. Ile asidi iliyojitenga, iliyotokana na mafuta kuchemshwa mara nyingi pamoja na viazi vyenye maji, huikamata alikali na kuwa sabuni. Alikali iliyokwisha kuwa sabuni haihimizi tena chochote. Hivyo nilipomsikia mwenzangu mmoja akisema mkutanoni kwamba aina ya kichocheo si kitu kwa kuwa mwisho wa kazi hutoka kama kilivyoingia, nilitamani nimpeleke pipani. Hakitoki kama kilivyoingia. Sehemu hugeuka sabuni, sehemu hushuka pamoja na gliserini, sehemu hutoka na maji ya kuoshea. Swali ni hili: kinakwenda wapi?

Chetu chaenda bustanini. Mtaro wa nyuma ya maabara wapita kando ya viazi na kabichi za shule, kila mtu ajua. Maji ya kuoshea dizeli ya soda yana sodiamu, nayo sodiamu ikizidi huharibu udongo. Udongo hushikamana, maji hayapenyi, mimea hudumaa. Potasiamu ni chakula cha mimea, tena viazi na migomba huipenda hasa. Sisemi kwamba tumwage gliserini mbichi juu ya kabichi. Hapana! Gliserini hiyo bado ina methanoli na alikali kali, na maji ya kuoshea pia yana vitu hivyo pamoja na sabuni. Ni lazima methanoli iondolewe kwanza, na alikali ipozwe kwa asidi. Mtu akitumia asidi ya fosforiki hupata chumvi ya potasiamu na fosforasi, navyo vyote viwili ni mbolea. Mwalimu wetu wa Kilimo ameniambia yuko tayari kutupa tuta moja la kujaribia, endapo kitakachoingia ni potashi. Kwa soda alikataa.

Wako watakaosema, je, sabuni? Hapo nasalimu amri. Gliserini ya soda hutengenezwa sabuni ya kipande, ngumu, ya kufulia. Ya potashi hutoa sabuni laini au ya majimaji tu. Shule ya joto, yenye mafuta mapya yasiyo na asidi nyingi, na yenye akina mama wa kutengeneza sabuni karibu, ningeiambia ichukue soda bila kusita. Sisi hatuna joto, mafuta yetu ni machakavu, na sabuni ya majimaji yatosha kuoshea sakafu ya bwalo.

Jambo moja zaidi kwa upande wa potashi. Huyeyuka katika methanoli upesi kuliko soda. Soda huhitaji kutikiswa kwa muda mrefu, na wanafunzi huchoka, nao wakichoka humimina kabla chembe hazijaisha. Chembe zilizobaki chini ya chombo hazifanyi kazi yoyote.

Kwa upande mwingine, potashi ina ila moja inayonisumbua. Hunyonya unyevu na hewa ya kabonidayoksaidi upesi sana. Kopo likiachwa wazi, chembe hulowa, na nguvu yake hupungua. Kopo letu la kwanza liliachwa wazi mwisho wa juma zima, na aliyeliacha ni mimi. Kwa hiyo asiyeweza kufunga kopo asinunue potashi. Tena kipimo cha bureti kifanywe kwa potashi ya kopo lile lile litakalotumika.

Wazee wetu wengine wametuuliza kwa nini tununue vitu vya viwandani wakati nchi imejaa alikali. Swali hilo ni zuri, nalo nimelifikiria kuliko wanavyodhani wenzangu. Majivu ya kuni yana kabonati ya potasiamu, na bibi zetu waliyachuja wakapata magadi ya kulainishia maharage. Lakini hutoka na maji, na maji ndiyo adui yetu. Magadi ya ziwani ni kabonati ya sodiamu pamoja na bikabonati. Ni alikali dhaifu, tena ukiyapasha moto bikabonati yake hutoa maji. Chokaa iliyochomwa ndiyo inayonivutia zaidi. Watu wa pwani wamechoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea tangu zamani, na chokaa mbichi, yaani oksidi ya kalsiamu, huweza kugeuza mafuta kuwa dizeli. Uzuri wake ni kwamba haiyeyuki, basi yaweza kuchujwa. Ubaya wake, ni lazima ichomwe kwa moto wa karibu nyuzi 800 au 900 na itumike kabla haijanyonya hewa, kazi yake ni ya polepole, na sehemu ya kalsiamu huingia katika dizeli kama sabuni. Kidato cha Tano wangeweza kuijaribu katika chupa ya maabara na kutuletea habari. Katika pipa la lita 20, bado.

Sasa, Bwana Mhariri, niseme neno kwa wazazi ambao watoto wao watatamani kujaribu nyumbani likizo hii. Soda na potashi, zote mbili huunguza ngozi na hupofusha macho. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika nyingi, na kama ni jichoni nenda hospitali mara moja. Msitumie sufuria za alumini! Alikali huila alumini na kutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Mwanafunzi mmoja alichanganyia katika sufuria ya alumini ya mama yake. Akaona mapovu, akadhani kazi yaendelea vyema, kumbe sufuria ilikuwa ikitoboka. Methanoli ni sumu hata kwa kuivuta puani, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Mjini Nairobi mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Chupa yake isikae jikoni, wala isitiwe katika chupa ya maji ya kunywa. Kazi yote ifanywe nje, mbali na moto, kwa miwani na glavu, na mtu mzima awepo.

Wenzangu watasema nimeandika sana kwa sababu ya gramu 61 za tofauti. Labda. Lakini baada ya lile pipa la Julai, mwalimu wetu wa Kemia aliniruhusu nijaribu tena kwa kiasi kidogo. Nilichukua mafuta yale yale ya chipsi, nikayakausha kwa kuyachemsha mpaka mapovu ya maji yakaisha, nikayaacha yapoe hadi nyuzi 55, nikagawa lita moja moja katika mitungi miwili. Mmoja nikautia soda, mwingine potashi, methanoli mililita 200 kila mmoja. Kesho yake nilipima dizeli ya juu kwa njia iliyozoeleka, mililita 3 za dizeli ndani ya mililita 27 za methanoli. Zote mbili ziliyeyuka zikawa safi bila tone kuzama, ishara ya kwamba kazi ilikuwa imekamilika. Kwa ubora wa dizeli basi hazikupishana, nami sitadai kwamba zilipishana. Zilipishana chini ya mtungi.

Mkutano wa chama utakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa. Mitungi ile bado nimeifunga vifuniko, nayo imo kabatini mwa maabara, mmoja umeandikwa S na mwingine P. Nitaiweka mezani kabla ya mkutano kuanza, ili kila mwanachama aiinamishe kwa mkono wake mwenyewe, kisha ndipo nitakapomwomba Mwenyekiti aitishe kura mara ya pili.

Mwanachama,
Chama cha Sayansi, Kidato cha Sita